Betri ya boti haichaji: jinsi ya kulisaka tatizo kwenye injini ya zamani

Maswali ni yaleyale kila msimu. "Nimenunua betri mpya na bado inaisha." "Fundi kaniambia koili imeungua, nibadilishe?" "Injini inawaka lakini mita inaonyesha 12.4, ndiyo imekufa hiyo?" Nimeona bora niandike njia nzima ya kupima mahali pamoja, kwa mtu ambaye hajawahi kufungua kava ya injini kwa sababu ya umeme.

Ninazungumzia injini za nje za boti za zamani: zile za kuchanganya petroli na oili, na zinazofanana nazo, ambazo umeme wake unatoka kwenye sumaku zilizo ndani ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka juu ya injini. Kama injini yako ina oltaneta inayozungushwa na mkanda, hatua za betri na nyaya zitakufaa, ila za koili hazikuhusu.

Nadharia ni hii tu. Flaiwili inapozunguka, sumaku zake zinapita juu ya koili ya chaji (waya uliozungushwa mara nyingi) na kuzalisha umeme wa AC, yaani unaogeukageuka mwelekeo. Umeme huo unapitia rektifaya, ambayo inaugeuza kuwa DC, umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri, kisha unafuata waya mwekundu, mara nyingi kupitia fyuzi na rilei ya stata (swichi ya umeme ya mota inayowasha injini), hadi kwenye betri. Baadhi ya injini zina rejuleta ya kuzuia volti zisipande mno. Nyingi za zamani hazina.

Kwanza, je, kweli haichaji?

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Injini ndogo ya zamani inatoa ampea 5 au 6 tu, tena ikiwa inakimbia. Za wastani zinafika kama 9 hadi 16. Ukiwa unakwenda polepole kuvuta mishipi, hiyo ya ampea 6 inatoa karibu na sifuri.

Sasa piga hesabu ya matumizi. Pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayoingia botini, inaweza kula ampea 3. Taa ya wati 10 inakula karibu ampea 0.8. Weka kifaa cha kutafutia samaki, redio na simu mbili zinazochajiwa. Ukikaa saa nne mwendo wa pole na hivyo vyote vimewashwa, betri itashuka hata kama kila kipande cha injini ni kizima, na hakuna koili mpya itakayokusaidia.

Stata, kwa upande mwingine, inasingiziwa. Hata ikivuta ampea 150 kwa sekunde 5, hiyo ni kama ampea-saa 0.2 tu, ambayo chaji ya ampea 5 inairudisha ndani ya dakika chache za mwendo. Kwa hiyo kama unawasha, unakimbia nusu saa, huna kifaa kingine chochote, na bado betri inaisha, basi una tatizo la kweli. Endelea kusoma.

Vitu vya kuwa navyo

- Multimita ya kidijitali yenye volti za DC, volti za AC, ampea, omu (ukinzani wa waya) na kipimo cha diodi (vipande vya ndani ya rektifaya vinavyopitisha umeme upande mmoja tu). Ya bei nafuu inatosha.
- Chaja ya betri ya kuchomeka kwenye umeme wa ukutani.
- Spana, bisibisi, plaizi, brashi ya waya na msasa laini.
- Magadi na maji ya kusafishia vichwa vya betri.
- Fyuzi za akiba zenye ampea zilezile za ile iliyomo.
- Bomba la maji na vifuniko vya mpira vya kubana kwenye matundu ya kuvutia maji, au pipa kubwa. Boti ikiwa majini tayari, hii haikuhusu.
- Miwani ya kukinga macho na glavu.
- Simu yenye kamera. Piga picha ya kila waya kabla hujaufungua.
- Kitabu cha huduma cha injini yako kama unacho, kwa sababu omu za koili zinatofautiana kwa kila modeli.

Soma hili kabla hujagusa kitu

Usichomoe betri injini ikiwa inawaka. Kuna watu wanachomoa waya wa betri "kuona kama injini inajitegemea", mtindo waliouona kwenye magari ya zamani. Kwenye injini ya boti, umeme unaokosa pa kwenda unapanda volti ghafla na kuunguza diodi. Ulikuja na tatizo moja, unaondoka na mawili. Swichi kuu ya betri nayo ni vilevile: kuizungusha kwenye alama ya kuzima wakati injini inawaka ni sawa na kuchomoa waya.

Usikosee chanya na hasi. Kugusisha mara moja tu kunatosha kuua rektifaya, hata kabla hujawasha.

Usiwashe injini bila maji ya kupoozea. Mpira wa pampu ya maji unaungua haraka sana ukizunguka mkavu.

Betri inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Usivute sigara hapo, usilaze spana juu yake, na unapofungua anza na waya hasi. Unapofunga, hasi iwe ya mwisho. Na kava ikiwa imetolewa, flaiwili inazunguka wazi kabisa: mikono mirefu, mikufu na nywele ndefu vikae mbali. Gia iwe huru, na kamba ya kuzimia injini iwe karibu na mkono wako.

Hatua kwa hatua

Mpangilio unaanzia kwenye betri na kuelekea kwenye flaiwili, yaani kutoka kitu rahisi kukipima hadi kigumu. Usiruke. Rektifaya nyingi nzima zimetupwa kwa sababu ya nati iliyolegea.

1. Chaji betri kwa chaja ya ukutani mpaka ijae. Huwezi kupima mfumo wa chaji kwa betri iliyolala. Koili ya injini ya zamani haikutengenezwa kufufua betri iliyokufa. Ukiilazimisha, inapata joto kwa muda mrefu na inaweza kuungua. Kama betri ni ya kujazwa maji, funua vifuniko uangalie: bamba zikiwa wazi, ongeza maji safi ya betri mpaka zifunikwe tu, kisha chaji, halafu umalizie kufikisha kwenye alama. Usiongeze tindikali.

2. Iache ipumzike, kisha pima. Betri ikitoka kwenye chaja inaonyesha volti za uongo. Iache saa kadhaa bila kuunganishwa na chochote, au washa taa dakika mbili tatu kisha uzime. Pima vichwa viwili: 12.6 hadi 12.7 ni imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 kushuka ni karibu tupu. Ikiwa imechajiwa usiku kucha na bado inakomea 12.2, betri ndiyo mgonjwa. Ishughulikie hiyo kwanza.

3. Pima ukiwa unapiga stata. Ncha za mita zikiwa kwenye vichwa vya betri, mtu mwingine awashe. Volti zisishuke chini ya 9.6 hivi. Zikianguka hadi 8 au 7, betri haina nguvu hata kama ilionyesha 12.6 ikiwa imetulia. Zikibaki juu, mfano 12, huku stata inajikokota, betri ni nzima lakini umeme haufiki: nyaya nene au viungo vyake vina kutu.

4. Safisha na kaza viungo vyote. Hatua hii haina mvuto na ndiyo inayoponya boti nyingi kuliko zote. Toa hasi, kisha chanya. Sugua vichwa vya betri na vichwa vya nyaya mpaka uone chuma kinachong'aa. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa magadi na maji, bila kuruhusu yaingie ndani ya betri. Nenda upande wa pili wa waya hasi, pale unapofungwa kwenye bodi ya injini, ufanye hivyohivyo. Watu husafisha upande wa betri na kusahau huo. Kama betri inafungwa kwa nati za masikio, zile za kukaza kwa vidole, ziondoe uweke nati za kawaida za spana, maana mtikisiko wa mawimbi unazilegeza.

   Kisha pinda kila waya kwa vidole, hasa inchi chache za mwisho karibu na kiungo. Waya wa shaba ulioliwa na chumvi unakuwa mgumu na unalia kwa kukwaruza ndani ya ganda. Kata ganda kidogo: ukiona nyuzi nyeusi au za kijani badala ya shaba nyekundu, kata mpaka ufike penye shaba safi, au badilisha waya mzima.

5. Tafuta fyuzi. Kwa kawaida iko chini ya kava, karibu na rilei ya stata, mara nyingi ya ampea 20. Usiitazame kwa jicho tu. Itoe, ipime kwa omu, kisha angalia na makazi yake: plastiki iliyoyeyuka au meno yenye kutu yanaweza kuzuia umeme hata fyuzi ikiwa nzima. Baadhi ya injini za zamani hazikuwekewa fyuzi kabisa, kwa hiyo usishangae ukiikosa. Kamwe usiweke ya ampea kubwa zaidi "ili isikatike tena".

6. Washa injini upime chaji. Andika volti za betri kabla ya kuwasha. Washa, acha ipate joto, kisha pandisha hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika, bila kuzidi kama haina mzigo. Mfumo wenye rejuleta, betri ikiwa karibu kujaa, utafika 13.8 hadi 14.5. Mfumo mdogo usio na rejuleta unaweza kuonyesha 13 tu mwanzoni na kupanda polepole. Kwa hiyo tazama kama namba *inapanda* kuliko ilivyokuwa kabla. Ikipanda nusu volti au zaidi, inachaji. Ikibaki palepale au ikiendelea kushuka, haichaji. Injini ikinguruma taratibu namba isipopanda, usihesabu hilo kama ubovu.

   Mita za bei nafuu huchanganyikiwa na cheche za plagi na kuonyesha namba za ajabu zinazorukaruka. Sogeza mita na nyaya zake mbali na nyaya za plagi kabla hujaamini kitu.

7. Pima upotevu njiani. Injini ikiwa bado kwenye mizunguko hiyo, weka ncha moja kwenye waya mwekundu pale unapotokea rektifaya na nyingine kwenye kichwa cha chanya cha betri. Isizidi volti 0.2 au 0.3. Kisha weka ncha moja kwenye bodi ya injini, nyingine kwenye hasi ya betri: hapo napo isizidi 0.2. Ukikuta nusu volti au zaidi, kuna kiungo kibovu katikati. Sogeza ncha kiungo hadi kiungo mpaka ukione. Na kama kwenye rektifaya unapata volti 15 au zaidi huku betri imekaa 12.4, njia imekatika kabisa. Zima injini upesi, kwa sababu rektifaya iko hatarini.

8. Pima koili ya chaji. Zima injini, toa waya hasi wa betri. Tafuta nyaya mbili za koili zinazoingia kwenye rektifaya. Mara nyingi ni za njano, au moja ya njano na nyingine ya njano yenye mstari. Kwenye Yamaha nyingi ni za kijani. Zichomoe zote mbili.

   Kwa omu: gusisha kwanza ncha za mita zenyewe uone zinasoma ngapi, mfano 0.3, uipunguze kwenye kila jibu. Kati ya nyaya mbili za koili utapata omu ndogo sana, mara nyingi chini ya 2. Kitabu chako kitasema namba kamili. Kisha kila waya na bodi ya injini: isisomeke kitu, yaani OL. Ikisoma omu yoyote hadi bodi, koili imevuja na inahitaji kubadilishwa, isipokuwa kama kitabu kinasema upande mmoja umefungwa kwenye bodi kwa makusudi.

   Kwa AC: kila waya ukiwa umefungwa tepu peke yake na ncha za mita zikiwa zimeshikizwa vizuri, rudisha waya hasi wa betri, weka mita kwenye volti za AC, washa. Volti zinapaswa kupanda pamoja na mizunguko, kutoka kumi na kitu injini ikinguruma taratibu hadi makumi kadhaa ukiongeza mafuta. Zisipopanda, koili au kiungo chake kimekufa.

   Chini ya flaiwili ileile kuna koili za cheche, na nyaya zake hubeba mamia ya volti. Kama huna hakika waya upi ni upi, usiuguse injini ikiwa inawaka.

9. Pima rektifaya. Injini imezimwa, hasi ya betri imetolewa, nyaya zote za rektifaya zimechomolewa. Weka mita kwenye alama ya diodi. Ncha nyekundu kwenye waya wa koili, nyeusi kwenye pini ya waya mwekundu: utapata 0.4 hadi 0.7. Geuza ncha: OL. Fanya hivyo kwa waya wa pili wa koili. Halafu ncha nyekundu kwenye bamba la rektifaya, nyeusi kwenye kila waya wa koili: tena 0.4 hadi 0.7, na ukigeuza, OL. Jumla ni vipimo vinane. Kimoja tu kikisoma karibu sifuri pande zote mbili, au OL pande zote mbili, rektifaya imekufa na haitengenezeki.

   Kipimo hiki ni cha rektifaya ya kawaida. Ikiwa yako ina rejuleta ndani yake, majibu yanaweza kutofautiana, na njia ya uhakika ni kuthibitisha kwanza kwamba koili, nyaya na betri ni nzima; kinachobaki ndicho kibovu.

Hujafikia bado kufungua flaiwili, na kwa kweli wengi hawafiki. Ukilazimika, tumia kifaa chake maalumu cha kuing'olea na ukaze tena kwa nguvu inayotajwa kwenye kitabu. Kuipiga nyundo kunaweza kuvunja sumaku au kuharibu shafti inayoibeba. Kabla ya hapo, piga tochi chini yake: ukiona utomvu wa kahawia umetiririka na kugandia, hiyo ni gundi ya koili iliyoyeyuka kwa joto. Jibu umeshalipata.

Ukikutana na haya

*Mita ya mizunguko imekufa siku moja na chaji.* Usiinunue nyingine. Kwenye injini nyingi za zamani mita hiyo inasoma mapigo ya koili ya chaji, kupitia waya wa kijivu. Vikifa pamoja, nenda moja kwa moja hatua ya 8 na 9. Sindano ikirukaruka, anza na viungo vya waya za njano.

*Inachaji vizuri, lakini ukiiacha siku tatu betri imelala.* Kuna kinachonyonya. Zima kila kitu, toa waya hasi, weka mita kwenye ampea kati ya waya huo na kichwa cha hasi. Usipige stata katika hali hiyo, utaunguza mita. Injini ya zamani isiyo na kompyuta inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikisoma zaidi, chomoa kimoja kimoja: redio, swichi ya kuelea ya pampu ya ngama, kisha waya mwekundu wa rektifaya. Namba ikianguka ulipochomoa rektifaya, diodi zake zinavuja.

*Rektifaya mpya imeungua tena.* Rektifaya haifi hivihivi mara mbili. Ama koili imegusa bodi, ama kiungo cha betri kinalegea ukiwa kwenye mawimbi, ama mtu anazungusha swichi ya betri injini ikiwa inawaka. Angalia pia kama imekaza vizuri kwenye bodi, maana bodi hiyo ndiyo hasi yake na ndiyo inayoipooza.

*Injini ni ya kuvuta kamba na ina nyaya mbili za umeme, nikiunga betri haichaji.* Huenda ilitoka kiwandani na koili ya taa tu, bila rektifaya. Hizo zinatoa AC, na AC haichaji betri. Unaweza kuongeza rektifaya inayofaa kwa ampea za koili hiyo, pamoja na fyuzi karibu na betri.

*Betri yangu imekufa kabisa na lazima niwashe kwa kamba nirudi.* Iache betri ileile ikiwa imeunganishwa, hata kama haina nguvu, mradi haijapasuka wala haichemki. Kama ni lazima iondolewe, chomoa nyaya mbili za koili kwenye rektifaya na uzifunge tepu kila mmoja peke yake kabla ya kuwasha.

*Volti zinapita 15 na betri inanuka yai viza.* Inachajiwa kupita kiasi. Kama injini ina rejuleta, ndiyo iliyokufa. Kama haina, hilo hutokea ukikimbia mwendo mrefu na betri iliyojaa tayari: washa taa ili zile umeme wa ziada, punguza mwendo, na uwe unaangalia maji ya betri mara kwa mara. Betri iliyofungwa isiyoongezwa maji usiiweke kwenye mfumo wa namna hiyo, kwa sababu maji yakishatoka kama gesi hakuna pa kuyarudishia.